Kabla Muhuri Haujagongwa

Bibi harusi alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni kilichowekwa katikati ya chumba, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, na mapajani mwake amepakata kompyuta. Msusi alikuwa anavuta kushoto, yeye anainamia kulia. Msusi alishasema, kwa upole kwanza na baadaye kwa ukali, kwamba kichwa cha mtu mmoja hakiwezi kuwa na mabwana wawili, lakini maneno hayo yaliingilia sikio hili yakatokea lile.

"Inua kichwa, bibi wee!"

"Dakika moja tu."

"Hiyo dakika yako sasa ina watoto na wajukuu."

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa hodi. Aliyeingia ni shangazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu, ambaye familia ilimkabidhi shughuli nzima ya siku hiyo kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyima. Mkononi alibeba gauni jeupe kwenye kiango, ameliinua juu lisiguse sakafu.

"Anafanya nini huyu?"

"Anafanya kazi," msusi akashtaki.

"Kazi? Leo?"

"Si kazi, shangazi," bibi harusi alisema bila kuinua macho. "Hii silipwi hata senti."

"Heri basi ingekuwa kazi!"

Shangazi hakukosea sana. Kulikuwa na programu moja ya hisabati, programu huria, ambayo watu waliotawanyika kila pembe ya dunia waliiandika bure na kuigawa bure. Wanafunzi waliitumia, wahandisi wa madaraja waliitumia, walimu waliitumia, na hakuna aliyeombwa kitu. Mtu yeyote aliweza kuleta kipande chake cha msimbo kiongezwe humo. Ila kipande hakikuingia hivi hivi. Lazima mtu mwingine akisome mstari kwa mstari, akikoroge, akitingishe, kisha aseme kinafaa. Kwenye sehemu ya namba nzima, mtu huyo alikuwa yeye. Huko hawakumjua kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Chekeche, maana kilichopita kwake hakikuwa na mchanga.

Sifa yake nyingine ni kwamba hakumsifu mtu. Ukikosea, alikwambia umekosea na alikuonyesha wapi. Ukipatia, aliandika neno moja, "Inapita," na neno hilo watu wazima wenye ndevu zao walilipiga picha wakaliweka ukutani. Kuna mgeni mmoja aliwahi kumuuliza kama angeumia kuongeza japo "nzuri" pembeni. Chekeche alimjibu: "Nzuri haipimiki." Watu walicheka, na tangu hapo ikawa methali ya mradi mzima.

Bwana harusi naye alipatikana kwa njia hiyo hiyo. Alijiita Kobe, na kipande chake cha kwanza kilienda mwendo wa jina lake. Chekeche alikirudisha na maoni marefu kuliko kazi yenyewe. Kobe akashukuru, akarekebisha, akaleta tena. Akarudishiwa tena. Wanaume wengine hupeleka maua. Huyu alipeleka marekebisho. Mpaka siku moja, chini ya mjadala mkali kuhusu baki la kugawanya, Kobe aliuliza kama yeye hunywa kahawa. Chekeche alijibu kwamba swali hilo halihusiani na mstari unaojadiliwa, na kwamba ndiyo, anakunywa.

Sasa mwaka mzima Kobe alikuwa anajenga kitu kimoja: njia mpya ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. Aliyepita darasani anakijua. Kumi na mbili na kumi na nane zote zinagawanyika kwa sita, na hakuna kikubwa zaidi ya sita kinachozigawa zote mbili. Basi hicho ndicho kigawo chao. Kwa namba ndogo ni mchezo wa watoto. Kwa namba ambazo ukizichapa zinajaza kitabu, njia ya zamani ilikuacha uchemshe chai, uinywe na uoshe kikombe. Njia ya Kobe ilizikata namba katikati, ikashughulikia nusu ya juu kwanza, ikakisia yaliyobaki, kisha ikarudi kusahihisha makisio yake. Ukipepesa jicho, jibu hilo hapo.

Tatizo lilikuwa sheria. Sheria ya mradi ilisema hakuna mtu atakayekagua kazi ya ndugu yake, mzazi wake, mtoto wake, mume wake wala mke wake. Aliyeiandika ni Chekeche mwenyewe, baada ya ndugu wawili kupitishiana takataka zao hadi programu ikafika mahali pa kudai kwamba saba ni namba shufwa. Nyani haoni kundule, aliandika pale, na la nduguye halioni vilevile. Mchumba hakumtaja, kwa sababu siku ile hakuwa naye wala hakumtarajia. Alipompata, alitangaza mbele ya wote, akaomba aondolewe kama kuna mwenye shaka. Walimjibu kwamba hawana shaka yoyote, wanamwonea tu huruma mchumba.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: kabla ya ndoa anaruhusiwa, baada ya ndoa haruhusiwi tena maishani. Na mwingine anayeifahamu sehemu ile hakuwepo. Mzee aliyeianzisha alistaafu akaenda kufuga nyuki, na sasa alijibu barua zinazohusu asali tu. Kazi ya Kobe isipopita asubuhi ya leo, itakaa pale mpaka mkaguzi mwingine azaliwe na akue. Kipande cha mwisho cha kazi hiyo Kobe alikileta wiki hii, na wiki hii yote ilikuwa mali ya shangazi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Chekeche hakumwambia mtu. Hii ilikuwa kazi ya mwisho ya Kobe atakayoikagua. Mapenzi yao yote yaliandikwa pembezoni mwa mistari ya msimbo, na leo ukingo huo unafungwa. Ndiyo maana alitaka aikague vizuri kuliko alivyowahi kukagua kitu.

Alishaisoma toka juu hadi chini bila kuona kosa, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Akachukua mtego wake wa zamani. Kuna mlolongo wa namba ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, na ukichukua mbili zinazofuatana humo, hata ziwe kubwa kiasi gani, hakuna kinachozigawa zote mbili ila moja. Alichukua mbili ndefu sana, zilizokaa jirani, akaulizia kigawo chao.

Programu ikajibu: mbili.

"Nimelipata!" Chekeche aliruka. Msusi akabaki na kitana hewani. "Nimelipata, nimelipata!"

"Umepata nini?" shangazi akauliza.

"Kosa!"

"La nani?"

"La bwana harusi!"

Shangazi aliketi kitandani, juu kabisa ya shela. "Nilijua tu. Ana mtoto nje."

"Hapana, shangazi! Kasema namba mbili zinagawanyika kwa mbili, na hazigawanyiki!"

Shangazi alimtazama msusi, msusi akamtazama shangazi. "Sasa hilo ndilo la kututoa roho? Msamehe, mwanangu. Ndoa ni kusameheana."

"Hili halisamehewi. Hili linarekebishwa." Alishaanza kuandika maoni, vidole vinakimbia. "Si wewe uliyenifundisha, mchelea mwana kulia hulia yeye?"

"Nilisema mwana. Sikusema mume."

Chekeche akapiga simu. Iliita, ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya Kobe kulikuwa na mlio wa mashine ya kunyolea.

"Uko wapi?"

"Kwa kinyozi. Shavu moja tayari."

"Kobe, inakosea."

"Wapi?" Kobe aliuliza, na sauti yake haikuwa na huzuni hata chembe. Ilikuwa na ile njaa, njaa aliyoipenda Chekeche kabla hajamwona mwenye nayo kwa macho.

"Ule mlolongo wa kujumlisha. Mbili zinazofuatana. Imenijibu mbili."

"Haiwezekani."

"Jaribu."

Akasubiri. Msusi, aliyeona upenyo, alisuka kwa kasi ya ajabu.

"Mama yangu wee," Kobe alisema. "Mbili kweli."

Wote wawili wakaangua kicheko. Walicheka hadi Chekeche akashika mbavu na msusi akapoteza mstari tena. Watu wa nje wasingeelewa kinachochekesha, na hata wangeelezwa wasingeelewa: kitu kimejengwa mwaka mzima, kikubwa, kizuri, na kimejikwaa kwenye moja.

"Makisio yanapita kiasi," alisema Chekeche.

"Kwa moja tu. Lakini niliweka pale pa kurudi nyuma!"

"Uliweka. Namba zikiwa na urefu sawa hupafikii. Angalia sharti lako la juu."

"Naliona, naliona. Kinyozi, zima mashine."

Sauti ya mbali ilisikika: "Bwana, utaoa na shavu moja?"

"Nitaoa hata bila kichwa, zima!" Kisha Kobe akashusha sauti. "Chekeche. Isipowahi, basi. Usije ukaipitisha kwa ajili yangu."

"Nani kakwambia ningeipitisha kwa ajili yako?"

"Ndiyo maana nakuoa."

"Andika, acha kunioa!"

Alikata simu akiwa anatabasamu hadi masikioni, na shangazi, aliyekuwa akinyoosha shela kwa viganja, akasema polepole kwamba yeye na marehemu mumewe waliongea habari za kunguni kwa namna hiyo hiyo, na waliishi vizuri.

Marekebisho yaliwafikia garini. Mjomba ndiye aliyeendesha, mtu mpole ambaye kila akiona tuta barabarani alilisalimia kwanza. Chekeche alikaa nyuma na gauni lote, nusu ya kichwa bado haijasukwa, shela imekunjwa begani kama mkoba, kompyuta juu ya magoti ya shangazi kwa sababu magoti yake mwenyewe hayakuonekana yalipo.

"Mistari michache tu," alisema, macho yanameta. "Kaliondoa lile sharti. Sasa akipitiliza anarudi hatua moja, kila mara, urefu wowote." Akaweka namba zake mbili tena. "Moja! Shangazi, moja!"

"Moja!" shangazi alipaza sauti, kisha akauliza: "Ni nzuri, moja?"

"Ndiyo yenyewe."

"Basi pitisha tukaolewe."

"Majaribio bado."

Ikabidi aeleze. Kuna mashine ya mradi, iko mbali huko, na kila kipande kikiletwa inakiuliza maswali maelfu kwa maelfu ambayo majibu yake yanajulikana. Kipande kikikosea moja tu, inaandika nyekundu. Kikipatia yote, kijani. Bila kijani Chekeche hapitishi, hajawahi. Na leo ndiyo siku ya kufunga toleo jipya, kwa hiyo kila mtu aliyelala mwaka mzima ameamka asubuhi hii na kipande chake mkononi.

"Tupo kwenye foleni," alimaliza.

"Hata huko?" alisema mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma ya lori la mchanga, nyuma ya malori mengine. "Nilidhani foleni ni ya kwetu tu."

Ofisi ya msajili wa ndoa ilikuwa chumba kimoja chenye benchi lililong'arishwa na makalio ya watu, feni iliyolia kila ikimaliza mzunguko, na maua ya plastiki yaliyokusanya vumbi tangu ndoa za wazazi. Ukutani palikuwa na saa kubwa. Chini ya saa alikaa msajili, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linakata, kalamu zake zimepangwa kwa urefu. Siku hiyo ofisi ilikuwa inafungwa saa sita mchana, na alishawaambia wote waliokuwa benchini kwamba haongezi dakika, hata kwa rafiki, na kwamba kwa bahati nzuri hana rafiki.

Kobe alikuwa amesimama mbele ya meza. Suti safi, viatu safi, shavu la kulia limenyolewa likang'aa, la kushoto limebaki na msitu wake. Mama yake alikuwa amemgeuza ubavu ili shavu zuri lielekee wageni. Chekeche alipoingia, Kobe alisahau, akageuka mzima mzima, na mama mtu akajifunika uso kwa pochi.

"Imeanza?" Kobe alinong'ona.

"Sasa hivi tu." Simu ilikuwa ndani ya shada la maua. Kati ya waridi mbili mstari mwembamba wa majaribio ulikuwa unatambaa kutoka kushoto kwenda kulia, na haukuwa na haraka.

"Kimya," alisema msajili. Akafungua kitabu chake kikubwa, akasoma majina, akasoma tena, akauliza kama yameandikwa sawasawa, akayasoma mara nyingine kwa sababu hakuwaamini. Chekeche alimtazama na kumpenda papo hapo. Kisha msajili akainua kichwa, akatazama wageni kwa zamu, na kusema kama alivyosema kwa kila ndoa: "Kama yupo mwenye pingamizi na ndoa hii, aseme."

"Nipo," alisema Chekeche, na mkono wake ukawa juu.

Feni ikalia. Mama mkwe alishika kifua. Shangazi akasema, "Tumekwisha," kwa sauti aliyodhani ni ya chini. Katika chumba kizima Kobe peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu, kwa upande wenye ndevu na usio na ndevu.

Msajili aliinamia kitabu, akahakikisha. "Wewe ndiye bibi harusi."

"Ndiyo, mheshimiwa. Sina pingamizi na mtu. Pingamizi langu ni la muda." Akaeleza yote kwa pumzi moja: programu, kazi ya Kobe, mstari unaotambaa, na kwamba akiwa mke wake hataruhusiwa kuipitisha, wala hakuna mwingine wa kuipitisha. "Naomba tu tusubiri kidogo."

"Hiyo sheria imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Imesema mchumba?"

"Haijasema. Imesema mume."

"Nisomee."

Akamsomea. Msajili alisikiliza amefumba macho, na ilipokwisha akayafumbua. "Fupi," alisema. "Haina maneno ya bure. Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Hm," alisema msajili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kama mtu ambaye huenda angeweza kuwa na rafiki.

"Jamani," mjomba akajitia katikati, kwa nia njema kabisa, "si apitishe tu hiyo kitu? Nani atajua?"

Msajili na bibi harusi wakageuka pamoja, wakamtazama kwa jicho moja. Mjomba akakaa chini taratibu, akakunja mikono, na inasemekana tangu siku ile husimama kwenye taa nyekundu hata akiwa anatembea kwa miguu.

"Saa sita nafunga," msajili alisema. "Siongezi dakika. Lakini, binti, unajua ndoa inakuwa ndoa wakati gani?"

"Tukikubali?"

"Hapana."

"Tukitia sahihi?"

"Watu wengi hukosea hapo hapo." Akavuta karibu kidau cha wino na muhuri wenye mshiko wa mbao uliochakaa, akaupapasa kichwani. "Ndoa inakuwa ndoa muhuri ukigongwa. Kabla ya hapo ni watu wawili waliovaa vizuri." Akatupia jicho shavu la Kobe. "Au mmoja na nusu. Tuendelee?"

Wakaendelea, na wakaendelea kwa mbio. Kobe aliulizwa kama anamkubali, akakubali kabla swali halijaisha. Chekeche naye akaulizwa. Kwa mazoea tu, kwanza akampitia yule mtu toka juu hadi chini: macho mekundu ya kukesha, tai iliyopinda, nusu ndevu. Hakuona cha kurudisha.

"Namkubali," alisema.

Sahihi zikatiwa. Shangazi akasaini kwa upande mmoja, mama mkwe kwa upande wa pili, huku akinong'ona kuuliza kama sasa tayari, na shangazi akimjibu, "Bado, dada, tunasubiri kijani," kama mtu aliyezaliwa kwenye kazi hiyo. Msajili alichovya muhuri kwenye wino, akauinua juu ya kitabu, akautuliza hewani.

"Endelea, binti. Mimi niko tayari."

Wote walikuja nyuma ya Chekeche kuchungulia kwenye shada. Wageni walikuja, wachumba wa zamu iliyofuata walikuja, na mlinzi wa mlangoni naye aliacha lango akaja. Mstari ulikuwa umefika robo tatu. Ukatambaa. Ukasimama. Mtu akaguna. Ukatambaa tena. Saa ya ukutani nayo haikuwa na huruma, mshale wake mrefu ulikuwa unapanda kilima cha mwisho. Mkono wa msajili ukaanza kutetemeka, tone la wino likaning'inia ukingoni mwa muhuri, na mjomba, aliyekuwa akitafuta namna ya kujirudisha kwenye heshima, aliinuka akamshikia kiwiko.

"Asante," alisema msajili bila kumtazama.

Mstari ukafika mwisho. Skrini ikawa nyeupe.

"Imekufa?" mama mkwe aliuliza.

"Inahesabu," walijibu Chekeche na Kobe kwa pamoja. Mkono wa Kobe ulikuwa umemshika wake, na ulikuwa baridi kama bomba.

Kisha kijani. Chumba kilipasuka. Shangazi alimkumbatia mlinzi. Bibi harusi wa zamu iliyofuata alilia, naye hakujua kwa nini. "Bonyeza!" walipiga kelele. "Bonyeza, bonyeza!"

Lakini hakuna kipande kilichowahi kupita kwa Chekeche bila maoni. Kidole gumba chake kikaandika "Inapita," kama siku zote, na kikasimama juu ya kitufe.

Akamwangalia Kobe. Kobe hakuwa anaomba kitu. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri kila mara, tangu kile kipande cha kwanza cha mwendo wa kobe alichorudishiwa na hakukasirika. Chekeche aliwaza kwamba akishabonyeza hapa, hataandika tena hata nukta chini ya kazi ya mtu huyu. Nzuri haipimiki, alishasema hivyo, na watu waliifanya methali. Haya, yeye mwenyewe ameipima. Ameisoma toka juu hadi chini, ameitegea mtego, amewaamsha watu wote hawa, imeulizwa kila kitu na imejibu. Kama hiyo si nzuri, basi neno lenyewe liliwekwa duniani kwa ajili ya nini?

"Binti," msajili alisema kwa sauti nyembamba, "mkono."

Akaongeza neno moja. Akabonyeza.

"Muhuri!"

Muhuri ukashuka. Kidau cha wino kiliruka, kalamu zote zikaanguka kwa mpangilio wa urefu, na juu ya kichwa cha msajili mshale mrefu ukagota saa sita. "Ofisi imefungwa," alisema msajili, akaketi, akaanza kusugua bega huku akitabasamu peke yake.

Katikati ya makofi, simu ya Kobe ililia ndani ya koti. Akaitoa. Mama yake akasema, "Yaani jambo la kwanza la mume ni kusoma simu?" Kobe alisoma. Akasoma tena. Kisha akaketi kwenye benchi, akafunika uso na kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na breki, mabega yanaruka.

Mama mkwe akayeyuka. "Jamani, tazameni mwanangu anavyompenda mkewe," alisema, naye akatoa kitambaa, na wageni wote wakatikisa vichwa kwa kuguswa.

Chekeche akajipenyeza na gauni lake, akakaa kando yake, upande wenye ndevu.

"Futa machozi. Watu wanatutazama."

"Umeandika nzuri."

"Nimeandika."

"Umewahi kumwandikia mtu mwingine?"

"Hapana."

Kobe alivuta kamasi, akaitazama simu kana kwamba maandishi yangetoroka. "Si utabadili mawazo uifute?"

"Siwezi," Chekeche alisema, akaegemeza kichwa chake, nusu kimesukwa na nusu hapana, begani mwake. "Mimi ni mkeo. Siruhusiwi tena kugusa."